Kabla na baada: tunalinganisha leta na nani?

Wandugu wasomi, tuanzie kwenye ubao.

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu kisha uhuru, jenerali Émile Janssens, Mbeleji aliyeongoza Force Publique, aliwakusanya wanajeshi mu kambi moja ya Léopoldville. Alishika chaki na kuandika: kabla ya uhuru = baada ya uhuru. Alitaka waelewe kwamba nidhamu ni ileile, vyeo ni vilevile, wakubwa ni walewale. Jeshi lilikuwa na askari karibu 25,000, na hakuna Mkongomani hata mmoja aliyekuwa ofisa. Jioni hiyohiyo askari wa Thysville waliasi. Ndani ya wiki moja uasi ulikuwa umefika mu makambi mengi ya nchi, na tarehe 11 Julai Katanga ilijitangaza kuwa nchi ya peke yake, hapa hapa Élisabethville.

Nimechagua kuanza na ubao ule juu sisi Wakongomani, tangu siku ile, hatujaacha kuweka serikali mbili pembeni kwa pembeni na kutafuta alama ya kuandika katikati. Mzee anasema: «Wakati ya Babeleji, bintu yote ilikuwa muzuri.» Kijana anajibu: «Enda uone Kigali.» Msemaji wa serikali anasema: tulikuta nchi imekufa, angalieni sasa. Mpinzani anasema: mu 1960 tulikuwa mbele ya Korea Kusini. Wote wanne wanalinganisha, na wote wanne wanaweza kukuletea tarakimu za kweli. Shida iko hapo.

Kila mama wa Lubumbashi anajua kwamba meka ya bunga si meka tu. Kabla ya kulipa, anageuza kopo na kuangalia kitako. Muuzaji akikibonyeza kuelekea ndani, jina linabaki meka lakini bunga imepungua. Ulinganisho wa serikali nao una kitako. Naomba tugeuze makopo manne ya historia yetu, tuone ndani kuna nini.

1. Nani alihesabiwa?

Tuwape Wabeleji haki yao kwanza. Mu 1960 kulikuwa reli, viwanda, hospitali hata mbali na miji, na zaidi ya watoto milioni moja na nusu mu mashule ya msingi. Nchi chache za Afrika zilikuwa na watoto wengi hivyo mu kalasi. Ukichukua shule ya msingi kuwa kipimo, ukoloni ule unapata alama nzuri.

Sasa panda ngazi. Lovanium ilifungua milango mu 1954, universite ya Élisabethville mu 1956, na siku ya uhuru Wakongomani wenye diploma ya universite hawakufika 30. Serikali ni ileile, mwaka ni uleule, vipimo ni viwili, na hukumu zinakuwa mbili. Haikuwa bahati mbaya. Siasa yenyewe ilikuwa kuwafundisha wengi kidogo kidogo, wapatikane makarani, mafundi na wasaidizi wa daktari, lakini daktari mwenyewe abaki Mzungu. Anayesema tu «walijenga mashule» amesoma nusu ya ripoti.

Barabara nazo ni hivyo. Zilikuwapo, hakuna anayekana. Ila tuulize mikono ya nani ilizitunza. Tangu 1917 utawala ulilazimisha wanakijiji kulima mazao fulani, hasa pamba. Siku za kazi ya lazima ziliwekwa 60 kwa mwaka, na mu 1942, wakati wa vita, zikapandishwa hadi 120. Aliyeshindwa alipata faini ao buloko. Kiboko kilibaki mu sheria hadi miaka ya 1950. Jasho la wale watu halikuandikwa mu bajeti yoyote. Mtu akilinganisha kilometa za 1958 na kilometa za leo, na haweki zile siku 120 kwenye hesabu, ni kama anashangaa kwa nini duka linauza ghali kuliko mwizi.

Hapa kwetu Katanga wimbo ni mwingine kidogo: «Union Minière ilitulisha.» Ni kweli ilitoa posho, nyumba, hospitali, maziwa ya watoto. Ni kweli vilevile kwamba tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wake waliogoma wakidai mshahara walipigwa risasi mu uwanja wa mpira wa mji huu, na makumi walikufa. Walikuwa wanakula posho ileile tunayoililia sisi, na bado waligoma. Wale watu walikuwa wamekwisha kulinganisha wao wenyewe: shaba inayotoka kwa ajili ya vita, bei ya vitu sokoni, na feza wanayopokea. Mimi nauamini ulinganisho wao kuliko hamu yetu ya zamani, juu wao walikuwapo.

Simdharau mzee. Anapoulilia wakati wa Wabeleji, mara nyingi hamlilii Mbeleji. Anaomba dawa mu hospitali na mshahara mwisho wa mwezi. Hiyo ni hukumu juu ya serikali zilizokuja baadaye, na ni hukumu ya haki kabisa. Ubaya unaingia pale tunapoigeuza kuwa sifa kwa watu waliokuwa wanatupiga.

2. Mwaka gani wa kuanzia?

Kopo la pili ni la serikali zenyewe. Serikali ikitaka kupendeza, inachagua mwaka mbaya kuliko yote na kuanza kuhesabu hapo.

Tuchukue shaba, kitu tunachokijua. Mu 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000. Mu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata ulileta uporaji wa wanajeshi mu miji mingi, na mu 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 30,000. Kisha Code minier ya 2002 ilifungulia makampuni ya watu binafsi. Karibu 2014 nchi ilifika tani milioni moja, na mu 2023 ilipita milioni 2 na nusu.

Ukianzia 1994, kila rais aliyefuata ni mtenda miujiza. Ukianzia 1986, bado kuna kupanda, lakini muujiza unapungua sana. Na kuna jambo zito kuliko mwaka: tani ya 1986 na tani ya 2023 si kitu kimoja. Ile ya zamani ilikuwa ya kampuni ya leta, na nyuma yake kulikuwa wafanyakazi zaidi ya 30,000, mashule na mahospitali ya makambi. Ile ya leo inatoka kwa sehemu kubwa mu makampuni ambamo leta ina hisa chache. Katikati, mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka mu mpango ulioitwa wa «kuondoka kwa hiari».

Sisemi tani ya zamani ilikuwa safi. Feza nyingi za shaba ile zilipotea Kinshasa, na kampuni ilikamuliwa hadi ikakauka. Nasema tu kwamba tani peke yake haitoshi kuhukumu. Sheria ya 2018 imetupa kipimo kizuri kuliko hicho. Inasema redevance ya madini igawanywe: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komine, sekta ao sheferi yenye mgodi, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Basi tulinganishe ile 15% iliyoandikwa na kile kilichofika kwa kweli, mwaka kwa mwaka, halafu twende kuangalia kisima na kalasi. Hapo hakuna mtu wa kujificha nyuma ya 1994.

Feza yetu inatufundisha jambo lilelile. Mu 1967 zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2. Mu 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mu 1998 faranga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Mu 2000 bei zilipanda zaidi ya 500%; mwisho wa 2003 kupanda kulikuwa chini ya 5%. Kazi ile ilikuwa kubwa, na aliyeifanya apewe heshima yake. Lakini mgonjwa aliyetoka mu koma anasifiwa kwa kufungua macho siku ile tu. Kisha miaka ishirini, ndugu zake wana haki ya kuuliza kama anatembea.

Kwa hiyo, mtu akikuletea miaka miwili tu, mwambie akupe yote iliyo katikati. Mstari mzima haudanganyi kirahisi kama ncha zake mbili.

3. Jirani gani?

Kopo la tatu tunalipenda sana sisi wasomi: Korea Kusini. Takwimu za Banki ya Dunia ziko wazi. Mu 1960 pato la mtu mmoja Kongo lilikuwa karibu dola 220, Korea karibu dola 158. Tunayasema haya mu kila mukutano, halafu tunatikisa vichwa.

Bon, tugeuze kopo. Zile dola 220 ni wastani, na wastani unachanganya sahani za watu. Kongo ilikuwa na Wazungu zaidi ya 100,000 waliokuwa na mishahara, makampuni na mashamba, pamoja na Wakongomani karibu milioni 15 ambao wengi waliishi kwa jembe. Ukimwaga mapato yote mu sufuria moja na kugawanya, mukulima wa Kasenga anaonekana tajiri kuliko alivyokuwa. Korea ilikuwa maskini, na vita ya 1950 hadi 1953 ilikuwa imeivunja, lakini ilikuwa imegawa mashamba kwa wakulima, watoto karibu wote walikuwa wanaingia shule ya msingi, na universite zake zilikuwa na wanafunzi kwa makumi ya maelfu. Marekani nayo ilikuwa inamwaga misaada. Sisi tulianza na wenye diploma wasiofika 30, jeshi lililoasi siku ya tano, na waziri mkuu aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961, karibu na mji huu. Hatukuwa kwenye mstari mmoja wa kuanzia mbio.

Je, tuitupe Korea? Hapana. Tuisogeze karibu na tuchague kitu kimoja kinachofanana. Miaka ya 1970 nchi zote mbili zilikuwa chini ya mtu mmoja mwenye mkono mzito: Park Chung-hee kule, Mobutu hapa. Zote mbili ziliamua kujenga kiwanda cha chuma. Kule Pohang, tanuri ziliwaka mu 1973, kwa uwezo wa tani karibu milioni moja, na sehemu ya feza ilitoka kwa malipo ambayo Japani iliyatoa kwa ajili ya ukoloni wake. Hapa Maluku, karibu na Kinshasa, kiwanda kilifunguliwa mu 1975, kwa uwezo wa tani 250,000. Kilijengwa mbali na madini ya chuma, kikategemea vyuma chakavu vya kuagiza ngambo, mu nchi isiyokuwa na wanunuzi wa chuma kingi hivyo. Hakikufikia hata robo ya uwezo wake. Cha Pohang kilikua kuwa kati ya vikubwa vya dunia.

Ulinganisho huu unauma, na unauma kwa haki. Muongo ni mmoja, aina ya utawala inakaribiana, aina ya mradi ni moja. Hatuwezi kusema «juu ya ukoloni» peke yake, wala «juu ya udikteta» peke yake. Kilichobaki ni maamuzi: nani alichagua mahali, nani alihesabu wanunuzi, nani alipewa mkataba, nani aliwajibika kilipokwama. Hukumu ya namna hii inamgusa mtu aliyeamua. Ile ya dola 220 inamgusa kila mtu, kwa hiyo haimgusi mtu.

Na Kigali? Mji ulinganishwe na mji, hiyo ni sawa: usafi, taa za barabara, namna ya kupata karatasi kwa ofisi. Mkuu wa mji wa Lubumbashi anaweza kuulizwa juu ya takataka bila kutaja vita. Lakini ukilinganisha nchi nzima, kumbuka mambo mawili. Kongo ni kubwa karibu mara 90 kuliko Rwanda. Na nchi hizi si makopo mawili yaliyokaa mbalimbali. Tangu 2001 ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara nyingi namna vita na madini ya mashariki yetu vinavyovuka mpaka. Ukilinganisha nyumba mbili, na mmoja wa wenye nyumba ametajwa kuingia kwa mwenzake, jambo hilo liandikwe kwenye ukurasa uleule. Halafu, bila kujificha nyuma yake, tuulize pia ni nani upande wetu aliyeacha mlango wazi.

Kuna aibu moja ndogo ya mwisho. Hesabu ya watu ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mu 1984. Kila mara tunaposema «kwa mtu mmoja», tunagawanya kwa watu tusiowahesabu kwa miaka zaidi ya 40. Serikali isiyohesabu watu wake inakuwa imejikinga na ulinganisho wowote kabla haujaanza.

4. Ahadi gani?

Kopo la nne njo ninalolipenda. Hatuhitaji Ubelgiji wala Korea. Tuichukue serikali na kuiweka pembeni ya maneno yake yenyewe.

Mwanzo wa miaka ya 1990, leta ilipoacha kuwalipa walimu vizuri, wazazi walianza kuwalipa. Ilianza kama msaada wa muda, ikawa desturi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ikasema shule ya msingi ya leta ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Kati ya neno na kitendo kulikuwa miaka 13. Mtoto aliyezaliwa siku katiba inatangazwa angekuwa amekwisha kumaliza darasa la sita kwa feza ya mama yake.

Hapa ulinganisho unatulazimisha kusema vitu viwili kwa pamoja, na watu hawapendi hivyo. Aliyeanza 2019 alifanya kile ambacho waliotangulia walikiandika tu, na watoto wengi waliokuwa wanafukuzwa juu ya feza waliingia kalasi. Na kuingia kalasi si kujifunza: mabenchi hayakuongezeka kama watoto, na walimu wapya wengi walifundisha bila kuwemo kwenye orodha ya mshahara. Anayehesabu vichwa tu atapiga makofi. Anayehesabu makelele tu atalia. Kipimo cha kweli ni mtoto wa darasa la nne anayeweza kusoma ukurasa na kueleza alichosoma.

Ahadi nyingine: mu Februari 2004, kule Mbudi, serikali na sendika za wafanyakazi wa leta walikubaliana kwamba huissier, wa chini kabisa, afike dola 208 kwa mwezi. Tarakimu hii ni yetu, na sahihi ni ya leta. Kila serikali iliyokuja baada inaweza kupimwa kwayo, tukiongeza namna dola yenyewe ilivyopungua nguvu tangu wakati ule.

Na sasa kuna jaribio kubwa kuliko yote, ambalo naona hatulitumii vya kutosha. Programu ya maendeleo ya teritware 145 imegawanywa kwa watekelezaji watatu: PNUD ilipewa 54, BCECO 49, CFEF 42. Aina za majengo ni zilezile: mashule, vituo vya afya, majengo ya utawala. Nchi ni moja, miaka ni ileile, watekelezaji ni watatu. Toa teritware zenye vita, ziweke pembeni, halafu uliza: shule ngapi zilipangwa, ngapi zimemalizika, kila moja imekula feza ngapi, na paa liko namna gani kisha mvua mbili? Kazi hii haihitaji mtaalamu wa ngambo. Inahitaji mtu mwenye diploma, telefone inayopiga picha, na nauli ya pikipiki.

Kwa nini nawasumbua

Juu kinachochezewa hapa si tarakimu. Kijana anayekubali kwamba «wakati ya Babeleji ilikuwa muzuri» anaishia kuamini kwamba kujitawala kwetu kulikuwa kosa, na mtu wa namna hiyo hadai kitu kwa mtawala wake. Anangoja mwingine aje. Kijana anayekubali kwamba «tumetoka mbali» kila siku, bila kuuliza tumetoka mwaka gani, anaishia kushukuru kwa bomba moja la maji mu mji wa watu milioni mbili. Njia zote mbili zinaishia kwenye kukaa kimya.

Janssens aliandika alama yake peke yake, mbele ya watu waliokatazwa kushika chaki. Leo kwenye avenyu moja hatukosi wenye diploma kuliko wale ambao nchi nzima ilikuwa nao mu 1960, na sheria inaturuhusu kuuliza. Basi kila mmoja wetu achague kitu kimoja cha komine yake: kituo cha afya, kisima, kalasi tatu. Aandike kilichoahidiwa, tarehe, feza iliyotajwa, na kilichosimama. Mwaka kesho arudi pale pale na kipimo kilekile.

Mimi nimechagua shule moja ya msingi karibu na kwetu. Wiki hii naenda kuhesabu mabenchi. Ninyi mmechagua nini?